Shangazi Anajibu: Kitanda Kitupu, Ukuta Uliopambwa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaosubiri mtoto au waliompata juzi tu, na karibu zote zinauliza jambo moja: chumba chake kiweje. Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni kupanga vyumba na kushona mapazia. Katika vyumba vyote ninavyoitiwa, hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na hapohapo ndipo ninapokuwa mkali. Basi nivumilieni pale nitakapokaza.

*

Shikamoo Shangazi. Nina mimba ya miezi saba, ni ya kwanza. Tuna chumba kidogo tulichomtengea mtoto, na mume wangu ameniachia nikipambe nitakavyo. Nimeona seti nzuri ya kitanda: shuka, mto, blanketi zito lenye manyoya, pamoja na mito ya kuzungushia kitanda kizima ili mtoto asigonge kichwa. Nataka niinunue, kisha rangi ya ukuta niioanishe nayo. Je, nianzie hapo?
*Mama Mtarajiwa*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Seti hiyo iache dukani.

Nalisema hili kwanza kwa sababu lina uzito kuliko mengine yote nitakayokuambia. Kitanda cha mtoto mchanga kinataka godoro gumu lililo tambarare, shuka moja lililobana godoro hilo, na mtoto mwenyewe. Basi. Mto hapana, blanketi la manyoya hapana, mdoli hapana, na ile mito ya kuzungushia hapana kabisa.

Mtoto wa wiki chache hana nguvu ya shingo ya kuutoa uso wake mahali ulipozama. Akigeukia kitu laini, pua na mdomo vinazibwa, au anabaki akivuta tena hewa ileile aliyoitoa, hewa iliyopungua oksijeni. Wala halii. Mzazi anaweza kuwa amelala hatua mbili tu kutoka hapo na asisikie chochote. Mito ya kuzungushia huuzwa kwa hoja kwamba inamkinga asijigonge, lakini mtoto wa umri huo hana mwendo wa kujigonga hadi aumie, na kitanda kilichotengenezwa vizuri fito zake zimekaribiana kiasi kwamba kichwa hakipenyi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 kupiga marufuku uuzaji wa mito hiyo, pamoja na vilalio vya watoto vyenye mwinamo. Ukiiona bado kwenye picha nzuri, usidhani kwamba picha imepita mikononi mwa daktari.

Kama unahofia baridi, mvalishe mtoto mwenyewe badala ya kumfunika. Kuna mifuko ya kulalia inayovaliwa kama gauni, imefungwa chini, haina kofia. Hiyo hawezi kuivuta hadi usoni. Ukitaka kujua kama ana joto au baridi, mguse kifuani au nyuma ya shingo. Mikono na miguu itakudanganya, kwa kuwa ya mtoto mchanga huwa ya baridi hata mwili ukiwa sawa. Shingo ikiwa na jasho, mpunguzie nguo. Uingereza wazazi hushauriwa chumba kiwe kati ya nyuzi 16 na 20 za Selsiasi. Kwenye joto zaidi ya hapo, nguo iwe nyepesi na hewa ipite.

Na umlaze chali, usiku na mchana. Kampeni ya kuwalaza watoto chali ilianza Marekani mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wakiwa usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Wengi huogopa kwamba atapaliwa akicheua. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake, kwa hiyo anachokicheua kinaelekea kurudi chini kabla ya kuingia kwenye hewa. Akilala kifudifudi mpangilio huo unageuka.

Sasa unaniuliza uanzie wapi. Anzia saa nane ya usiku. Nenda kaketi katika chumba hicho usiku, taa kubwa ikiwa imezimwa, ujione una mtoto mkono wa kushoto na usingizi machoni. Nepi safi iko wapi? Unaifikia bila kusimama? Droo inafunguka kwa mkono mmoja, au inakwama na kupiga kelele? Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kuna pembe ya zulia ya kukukwaa? Majibu ya maswali hayo ndiyo ramani ya chumba. Mimi hutumia saa nzima hapo kabla sijataja rangi, na wateja wengine hunishangaa.

Kiti ndicho kitu cha kwanza ningekushauri ukitolee fedha. Kiwe na mgongo mrefu, mikono inayofika usawa wa viwiko vyako, na kimo kinachoruhusu nyayo zako kukaa sakafuni. Ukinyonyesha kwa wiki chache kwenye kiti kibaya, mabega yatakwambia. Lakini sikiliza na hili: kiti na sofa ndizo sehemu mbaya kuliko zote za kusinzia na mtoto mikononi, kwa sababu mtoto huteleza akabanwa kati ya mwili wako na mto wa kiti. Ukiona kope zinafunga, mrudishe kitandani kwake au mwamshe baba yake. Madaktari wa watoto Marekani husema wazi kwamba mzazi anayehisi atasinzia akinyonyesha ni afadhali awe kwenye kitanda chake cha watu wazima, kilichoondolewa mito na mablanketi, kuliko kwenye sofa. Na akizinduka tu, amrudishe mtoto mahali pake.

Meza ya kumbadilishia nepi iwe usawa wa kiuno chako ili usiiname. Kila kitu kiwe upande mmoja, karibu, maana mkono mmoja haubanduki juu ya mtoto, hata kama meza ina mkanda. Watoto hujigeuza siku ambayo hukuitegemea. Ukitaka usalama kamili, tandika kigodoro sakafuni umbadilishie hapo.

Rangi ya ukuta ipakwe wiki kadhaa kabla hajazaliwa, madirisha wazi, na wewe usiwepo wakati wa kazi. Kabati jipya la chipubodi nalo lifungue milango lipumue, kwa kuwa gundi yake hutoa formaldehidi, na harufu ile si ya kupuuza. Vipulizo vya manukato na mishumaa yenye harufu usivipeleke humo. Moshi wa sigara usiingie nyumbani kabisa, hata kupitia dirisha la sebuleni.

Halafu kabati la droo lifungwe ukutani kwa vyuma na skrubu kabla mtoto hajazaliwa. Utaniambia yuko mbali na kupanda. Ndiyo, lakini akifika miezi minane au tisa, ataanza kujivuta asimame kwa kushika chochote, na wakati huo utakuwa huna nafasi ya kumtafuta fundi.

Uzuri wote uliokuwa unataka kuupeleka kitandani, upeleke ukutani, dirishani na sakafuni. Chora kitu ukutani. Weka pazia lenye maua makubwa, zulia la rangi uipendayo lililobanwa lisiteleze. Nakuhakikishia chumba hakitakuwa kikavu. Kitanda kitupu katikati ya ukuta uliopambwa vizuri kinapendeza mno, jicho linatua penye mtoto.

*

Shangazi, shikamoo. Tumepanga chumba kimoja tu. Mwenye nyumba hataki tupake rangi wala tupige msumari. Ndugu zangu wananitumia picha za vyumba vya watoto wao, na mimi nabaki kuona haya. Wangu atalala wapi?
*Mama wa Chumba Kimoja*

Marahaba. Usione haya hata kidogo, kwa sababu wewe tayari una kile ambacho wenzako watalazimika kukitengeneza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake mwenyewe, angalau kwa miezi 6 ya mwanzo. Wengi wa hao wenye vyumba vya picha watakihamishia kitanda chumbani kwao, na kile chumba kizuri kitakaa na nguo.

Kitanda chake kiwe karibu na chako kiasi cha kunyoosha mkono ukamgusa. Kisiwe chini ya dirisha, wala karibu na pazia la kukunjwa lenye kamba. Kamba zenye kitanzi zimenyonga watoto. Zikate au zifunge juu kabisa. Kisiwe chini ya rafu wala picha yenye kioo. Waya wa kifaa cha kumsikiliza mtoto, kama unacho, ukae mita moja au zaidi kutoka kwenye kitanda. Feni isogeze hewa chumbani bila kumpulizia yeye usoni. Palipo na mbu, chandarua kivutwe kikakaze, kisilegee hata kidogo hadi kumfikia.

Bila msumari utapamba kwa kitambaa. Chagua rangi moja, na rangi hiyo ionekane kona yake tu: shuka, kikapu cha nepi, kipande cha pazia, kizulia. Macho yataitambua kona hiyo kuwa ni yake bila ukuta wa kutenganisha. Kuna picha za kubandika ukutani zinazobanduka bila kuacha alama. Zijaribu kwanza nyuma ya mlango. Kwa sababu huruhusiwi kufunga kabati ukutani, chagua la chini na pana kuliko refu, vitu vizito vikae droo ya chini, na juu yake pasiwekwe televisheni. Nguo zinazomsubiri akue zikae kwenye sanduku chini ya kitanda chenu.

Na hizo picha, mpwa wangu, pumzika kuzitazama kwa muda.

*

Shangazi, mimi ni fundi seremala na mke wangu anatarajia kujifungua. Nataka kitanda cha mwanangu kitoke mikononi mwangu. Nimeshatengeneza vitanda vya watu wazima vingi, cha mtoto bado. Kuna vipimo maalumu?
*Baba Seremala*

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Vipo vipimo, na hapa si mahali pa kukadiria kwa jicho.

Nafasi kati ya ufito na ufito: isipungue sentimita 4.5 na isizidi 6. Ikizidi hapo, kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupita miguu ikitangulia, kisha kichwa kikabaki kimenasa. Hicho ndicho kisa cha kipimo hiki, na ndiyo maana usikubali ufito mmoja uliopinda kwa sababu mbao haikukauka. Chonga kipande cha ubao cha upana wa sentimita 6, ukipitishe kila mwanya ukishamaliza. Kikipita kwa ulegevu mahali popote, toa ufito huo uuweke upya. Kisha usukume kila ufito kwa nguvu zako zote, maana mtoto wa mwaka mmoja atausukuma kwa mguu kila siku.

Fito zisimame wima. Ufito wa kulala ni ngazi. Kutoka juu ya godoro hadi juu ya kizuizi, godoro likiwa limeshushwa chini kabisa, pasipungue sentimita 50. Ni vizuri kitako kiwe na ngazi mbili: ya juu kwa miezi ya mwanzo ili mgongo wa mama usiumie, na ya chini utakayoihamia mara tu mtoto anapoanza kujaribu kuketi. Usisubiri asimame.

Nguzo za pembe zikae usawa na ukingo. Najua mafundi mnapenda kuzichonga vichwa vya mapambo, lakini kichwa kinachochomoza hunasa nguo ya mtoto anayechungulia nje, na nguo humkaba. Ubao wa kichwani usiutoboe maua wala nyota zinazotosha kichwa au mkono kunasa. Ukitaka kuchonga, chonga michoro isiyopenya, upande wa nje. Pande zote nne ziwe za kudumu. Vitanda vyenye upande wa kuteremka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011, kwa sababu vyuma vyake vililegea, upande ukaachana na godoro, na watoto wakanasa katika mwanya huo.

Maungio utakayoyafungua siku ya kuhama yawe ya bolti na nati. Skrubu ya mbao ikifunguliwa na kufungwa tena haishiki kama mwanzo. Bolti zizame ndani, zisiachie ncha.

Godoro lipime kabla ya kukata mbao, si baada. Likilala ndani, vidole vyako viwili visiingie kati yake na ukingo. Na liwe gumu: bonyeza kwa kiganja, ukiondoa mkono shimo lisibaki.

Piga msasa hadi kiganja kisihisi kitu, kisha tumia rangi au vanishi iliyoandikwa kuwa inafaa kwa vitu vya kuchezea watoto. Ataitafuna, meno yakianza kuota, ukingo wa juu ndio wa kwanza. Kimalize mapema, kikae wazi hadi harufu iishe kabisa. Ukikamilisha nitumie picha, nakuomba kwa dhati.

*

Shangazi, mimi nakaribia kuwa bibi. Nyumba yetu ni ya zamani, na ghalani nina kitanda walicholalia wanangu wote, cha rangi nyeupe iliyoanza kubanduka. Natamani kukikwangua na kukipaka upya, kisha nikwangue na ukuta wa chumba. Binti yangu anasema angependa anisaidie, ingawa mimba ni kubwa.
*Bibi Mwenye Hamu*

Shikamoo bibi. Naielewa hamu yako, kwa hiyo nakusihi kwa upole: msasa uuweke chini kwanza, na binti asiguse kazi hii.

Rangi za zamani, hasa za mafuta, mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, lakini si kila nchi ilifanya hivyo, na nyingine zimechelewa sana. Ukipiga msasa mkavu, risasi hiyo inakuwa vumbi usiloliona. Hutua sakafuni, mtoto hutambaa, mkono huenda mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Hudhuru ubongo unaokua, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni.

Ukuta ambao rangi yake bado imeshika, usiukwangue. Uoshwe kwa maji na sabuni, upakwe rangi mpya juu yake. Palipobanduka, mwite fundi anayejua kazi hiyo. Atalowesha ukuta kabla ya kukwangua, atatandika plastiki sakafuni, na binti atakaa nyumba nyingine hadi pasafishwe kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kwa mfagio kunalirudisha vumbi hewani. Mkinunua rangi mpya, ulizeni kama ina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni, na kopo zuri litaeleza.

Kuhusu kitanda chenyewe, bibi, sidhani kifae kulaliwa tena, hata kwa rangi mpya. Pima fito zake kwa vile vipimo nilivyompa Baba Seremala, uone. Lakini ukimpa fundi upande mmoja atakutengenezea kitu kingine cha kumbukumbu: fito zikisafishwa kwa njia salama nje ya nyumba na kupakwa upya, zinafaa kutundikiwa nguo ukutani, juu, mbali na mkono wa mtoto.

*

Shangazi, wifi yangu anashikilia kwamba tukijua ni msichana chumba kiwe cha waridi, na mimi sipendi. Mume kakaa kimya. Je, rangi ina maana yoyote kwa mtoto?
*Asiyependa Waridi*

Mpwa wangu, mtoto hatambui ugomvi wenu. Anapozaliwa anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, ambao ni umbali wa uso wako akiwa ananyonya. Mbali zaidi ni ukungu. Kinachomvuta ni tofauti kali, kama nyeusi juu ya nyeupe, na nyekundu iliyokolea huwa miongoni mwa rangi anazoziona mapema. Hadi miezi mitano hivi ndipo anaziona rangi vizuri. Kwa hiyo kuta chagueni za kuwatuliza ninyi mnaokesha. Yeye mwekeeni picha moja ya mistari au miduara mieusi na myeupe karibu na mahali pa kubadilishia nepi, usawa wa uso wake anapolala chali.

Vitu vya kuning'inia juu ya kitanda vinaruhusiwa vikiwa juu asikoweza kufika, na vitolewe atakapofika miezi mitano au atakapoanza kujiinua kwa mikono, lolote litakalotangulia. Kabla ya kukinunua, lala chini ukitazame kutoka kwake. Vingi vinamwonyesha mtu mzima mlangoni umbo la ndege, na mtoto anaona tumbo la ndege tu.

Wifi mwambie pia hili: mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto Marekani lilieleza kwamba waridi ni ya wavulana, kwa kuwa ina nguvu, na buluu ni ya wasichana. Mpeni achague pazia, na ukuta uwe wako.

*

Shangazi, mwanangu ana wiki tano. Mchana halali chini ya saa tatu mfululizo, usiku macho makavu. Chumba kina taa nyeupe kali na mashine ya sauti ya mvua. Nibadilishe nini?
*Mkesha*

Pole sana. Saa ya mwili wake bado haijaanza kupiga. Kwa watoto wengi huanza kukaa sawa kati ya miezi miwili na mitatu. Chumba hakiwezi kuiharakisha sana ila kinaweza kuacha kuichanganya.

Mchana fungua mapazia, nyumba iendelee na sauti zake. Usiku ile taa nyeupe isiwashwe. Mwanga mweupe wenye ubuluu huzuia homoni ya usingizi, kwako na kwake. Tafuta taa ndogo ya rangi ya chungwa au nyekundu hafifu, iwekwe chini ya usawa wa macho yake, nyuma ya kiti. Kama inatumia betri ndogo za kitufe, hakikisha kifuniko chake kina skrubu. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa 2.

Pazia la giza wengi hulishona likawa sawa na dirisha, kisha wanashangaa alfajiri inaingia pembeni. Lizidishe sentimita 15 au 20 kila upande na juu, na ncha ya chini isifike kitandani.

Mashine ya mvua isogeze. Mwaka 2014 watafiti wa Canada walipima mashine 14 za aina hiyo. Zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, umbali wa sentimita 30, zote zilivuka desibeli 50, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa kwa wodi za watoto wachanga, na tatu zilivuka 85. Iweke mita 2 au zaidi kutoka kwake, sauti chini kabisa, na ukiona amelala, izime.

*

Shangazi, mama mkwe ametuma mto mdogo alioushona kwa mkono na blanketi la sufu la kumfunika mjukuu. Ni vya kupendeza mno, na macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo najua alivyojitahidi. Nimesoma ushauri wako wa nyuma na siwezi kuviweka kitandani. Nimwambieje?
*Mkwe Mwenye Wasiwasi*

Mwambie mapema, na umwambie mwenyewe, usimtume mumeo. Mshukuru kwanza kwa kazi ya mikono. Kisha sema hivi: "Mama, wakati wako mlifundishwa vizuri kwa elimu iliyokuwepo, na sasa madaktari wamegundua kwamba mtoto akilala na kitu chochote laini kwa mwaka wa kwanza anaweza kukosa hewa. Nataka kazi yako aione kila siku, kwa hiyo nimeitafutia mahali." Usiiache sentensi ya mwisho, kwa sababu anachoogopa ni kwamba kazi yake itaishia kabatini.

Na kweli itafutie mahali. Blanketi litandikwe sakafuni mtoto akiwa macho na mtu yuko naye, alale kifudifudi juu yake akizoeza shingo. Au umfunike nalo magotini ukiwa umempakata. Kagua nyuzi zilizolegea zisimzonge vidole. Mto uwe wa kwako, wa kuegemeza kiwiko unaponyonyesha, na utautumia kuliko zawadi zote ulizopewa. Siku zisizo na baridi, blanketi litundike kwenye fimbo imara kwenye ukuta unaotazamana na kitanda, si ule ulio juu yake. Mwite mama aje achague mwenyewe kimo cha kulitundika, na fundi akaze skrubu yeye akiwepo.